Nne Haipungui

Eastleigh, Nairobi
16 Februari 1997

Eddo Istar, shangazi yangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Natumaini Idd ilikuwa njema hapo Waberi na kwamba binti yako Kaha amepona koo. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo, tafadhali usianze kelele. Baba ameniandikia kutoka Elwak kwamba ukame umezidi na mbuzi wanauzwa bei ya kuku. Nakuandikia Kiswahili kama ulivyonizoesha, maana Kisomali changu nikikiweka kwenye karatasi hata mimi mwenyewe sikisomi.

Sasa kaa chini, mwalimu wangu wa kwanza wa hesabu, nikupe habari.

Chukua namba chanya, uzipange mstari usio na mwisho. Tafuta wastani wa mbili za kwanza, kisha wa tatu za kwanza, kisha wa nne, uendelee hivyo hivyo. Zile wastani zote zipige mraba, ujumlishe. Jumla utakayopata haiwezi kuzidi mara nne ya jumla ya miraba ya namba ulizoanza nazo. Hiyo nne ilithibitishwa zamani sana kwamba haipungui hata kidogo. Ukiweka namba iliyo chini yake, kuna mtu atakuletea mfuatano utakaokuumbua. Sasa mimi profesa alinipa ndugu ya hesabu hiyo, ambapo kila namba ina uzani wake. Hapo kitabu kimeandika nne, lakini hakuna aliyewahi kuuliza kama nne ni lazima.

Eddo, si lazima! Tatu na nusu inatosha. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya idara mpaka namba elfu kumi, mifuatano ya kila aina, na hakuna hata mmoja uliopita tatu nukta tatu. Uthibitisho ninao, kurasa kumi na moja. Profesa amezichukua kusoma na alikuwa anatabasamu. Nimeishusha nne, Eddo. Wallahi nimeishusha.

Nisalimie Kaha na majirani wote.

Mwanao,
Abdisamad Yarrow


Waberi, Garissa
9 Machi 1997

Warya, kijana wangu Abdisamad,

Alaykum salaam. Kaha amepona na kelele zake zimerudi, sijui kama nishukuru. Mto umekauka mpaka watoto wanacheza mpira katikati. Ng'ombe wanaletwa mjini kuuzwa wakiwa wamebebwa kwenye lori, hawana nguvu ya kutembea. Tuombeeni dua.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimepata posa! Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu mji huu na sijawahi kusikia mtoto wa kwetu ameshusha namba iliyoandikwa kitabuni.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuwahi kuambiwa yote, kwa hiyo acha nikwambie. Babu yako Warfa, baba yangu, alitumwa sahan ule mwaka wa ukame mkubwa kabla ya uhuru. Unajua sahan ni nini: mtu anatangulia peke yake kutafuta malisho, na anachosema akirudi, watu wanahama na watoto wao kwa neno lake. Baba alipita Bute, akaona radi kwa mbali, akakutana na wasafiri waliosema mbele kuna majani. Akageuza ngamia. Aliporudi alisema, "Majani yapo." Hakusema, "Nimeambiwa." Watu wakahama, Abdisamad, na hapakuwa na kitu. Olow wa Bute, aliyekuwa kijana, alipoteza mifugo yote na akamzika mama yake njiani. Ndiye aliyempa babu yako jina lile. Wewe unalijua tu kama utani wa sokoni: Ishia-Njiani. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyetumwa sahan. Baba yako akisema neno kwenye kikao cha wazee, kuna mtu lazima akohoe.

Sasa wewe umekwenda mpaka mwisho wa mstari usio na mwisho. Unaelewa nilivyofurahi?

Habari nimeshaitoa. Kwetu mtu akikuuliza habari huwezi kumeza nusu. Dereva wa lori la Wajir aliniuliza, nikampa yote, nikamwagiza aifikishe Bute kwa mzee Olow mwenyewe, kama alivyo na macho yake mabovu. Baba yako ameshaisikia Elwak.

Niletee zile kurasa kumi na moja. Nataka kuziandika ubaoni wasichana wangu wa kidato cha nne wazione, hata kama hawataelewa mstari mmoja.

Shangazi yako mwenye maringo tangu leo,
Istar Warfa


Nairobi
2 Juni 1997

Eddo mpendwa,

Assalamu alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na kikohozi, halafu wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, tukahamishwa. Nashukuru Mungu nimepona. Kaha anaendeleaje na masomo? Mvua ya masika ilifika huko? Hapa ilinyesha kidogo tu.

Kazi inaendelea. Zile kurasa bado zinahitaji kusafishwa, kwa hiyo usiandike chochote ubaoni kwa sasa.

Halafu Eddo, hebu niambie, umewaambia akina nani hasa? Nauliza tu. Mzee Olow ni mtu mzima na mgonjwa, sioni haja ya kumsumbua na mambo ya namba.

Nimekutumia diraa kwa mkono wa kondakta wa basi. Rangi alichagua mwenye duka.

Wasalaam,
Abdisamad


Waberi
20 Julai 1997

Abdisamad,

Salaam nyingi. Diraa nimelipata, rangi ni ya kumzikia mtu, lakini nitalivaa. Kaha amekuwa wa tatu darasani na ananuna kana kwamba amefeli. Masika yalituonea huruma kidogo, majani yametoka ya kudanganyia mbuzi.

Barua yako ilikuwa fupi. Mtoto niliyemlea mimi, aliyekuwa akinifuata mpaka jikoni na chaki mkononi kunieleza hesabu za sehemu, ananiandikia "kazi inaendelea" kama karani wa wilaya.

Haya, mimi nina habari na nitazitoa. Mzee Olow amejibu. Amesema anakuja Garissa mwezi wa kumi kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na atafikia kwangu. Kwangu, Abdisamad! Mtu ambaye kwa miaka arobaini hajanywa maji ya nyumba yetu. Na amesema mbele ya watu wa Bute kwamba kama ni kweli mjukuu wa Warfa amekwenda mpaka mwisho wa jambo, basi yeye aliyelitoa jina ndiye atakayeliondoa, mbele ya wazee, nyumbani kwangu. Dereva ameniapia. Baba yako aliposikia alinunua kofia mpya.

Ulizo lako lile, nimewaambia akina nani, nimelisoma mara nyingi kuliko salamu zako. Mtu mwenye habari njema haulizi hivyo. Lakini sitakuuliza kitu. Wewe ni mtu mzima, una akili zako, na kama kuna la kusema utalisema kabla ya mwezi wa kumi.

Nakuombea,
Eddo Istar


Nairobi
19 Oktoba 1997

Eddo yangu,

Assalamu alaykum. Leo sina salamu ndefu.

Si kweli. Tatu na nusu haitoshi. Nne haipungui.

Nimeijua aibu hii tangu mwezi wa tano. Nilisimamishwa mbele ya idara nzima kueleza kazi yangu, na nikaieleza vizuri, nikajiona. Nilipomaliza, profesa mmoja mama, mgeni, aliinua mkono, akaniuliza kwa upole, "Ulikwenda mpaka wapi?" Nikamjibu, elfu kumi. Akasema, "Na baada ya hapo?" Nikasema masalio ni madogo, hayana uzito. Ndivyo nilivyoandika kwenye ukurasa wa saba: masalio hayana uzito. Sikuyahesabu, Eddo. Sikuyahesabu! Niliona yanapungua, nikadhani yamekwisha.

Yule mama akaja ubaoni. Hakunikasirikia. Aliacha namba zangu zilizopangwa mstari, akachukua integrali, ambako huhesabu moja moja bali unapima eneo lote kwa mkupuo. Akachukua moja gawa kwa kipeuo cha pili cha x, akaikata mbali, mbali sana. Akaonyesha kwamba uwiano ni nne ukitoa kitu kidogo, na kile kitu kinagawanywa kwa logi ya umbali uliokata. Logi inakua polepole mno. Ndiyo maana mimi kwenye elfu kumi niliona tatu na pointi chache nikadhani nimefika. Ili uone tatu nukta tisa kwa kuhesabu moja moja, ungehitaji namba yenye sifuri zaidi ya thelathini. Hakuna kompyuta itakayofika huko. Lakini kule mbele nne ipo, inakaribiwa siku zote na haifikiwi kamwe. Na uzani wangu wote haukubadilisha kitu.

Mistari mitano tu. Watu wakapiga makofi, wakampigia yeye.

Nilipokaa nilisikia lile swali upya, kwa Kisomali, kwa sauti ya babu ambaye sikumwona. Ulikwenda mpaka wapi? Niliona radi kwa mbali, Eddo, nikageuza ngamia. Tena yeye alikuwa na kiu na aliogopa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kwenye kivuli, na mashine mbele yangu. Naona haya mpaka najificha nikikutana na wanafunzi wenzangu kwenye ngazi.

Nakuomba kwa haki ya Mungu, mzuie mzee. Mwambie jicho kwanza, mengine baadaye. Mwambie habari ilikuwa mbichi. Nitukane utakavyo, lakini lile jina lisiondolewe kwa ajili yangu.

Abdisamad


Waberi
21 Desemba 1997

Abdisamad,

Alaykum salaam. Tu hai, alhamdulillahi. Huko mnasoma magazetini, sisi tunaogelea. Mto umevunja kingo, barabara ya Nairobi imekatika, hakuna basi wala posta tangu mwezi uliopita. Sukari haionekani. Choo cha jirani kimekwenda na maji na hatujui kimefika wapi. Barua hii nampa kijana wa shirika la msaada anayeruka kesho na ndege ya unga.

Mzee Olow yuko hapa. Alifika kabla ya maji, akafanyiwa jicho moja, na sasa amekwama kwangu. Anapenda chai ya tangawizi kali na anamfundisha Kaha nasaba yetu yote kurudi nyuma mpaka Kaha anasinzia.

Jambo lilifanyika. Wazee walikuja uani kwangu Ijumaa moja mvua ilipopumzika. Tulikuwa na mbuzi mmoja tu, akatosha. Mzee alisimama na kitambaa chake jichoni. Akaeleza habari ya sahan ile yote, hakuruka kitu, na mimi nilitamani ardhi inimeze ingawa nilikuwa mtoto wakati ule. Kisha akanigeukia, akasema, "Binti Warfa, kijana alifika mwisho?"

Nikasema, "Alifika."

Akasema, "Basi jina nimelitoa mimi na nimeliondoa mimi. Atakayelitumia tena agombane na mimi." Wazee wakasoma dua.

Tulimpigia baba yako kwa redio ya upepo, ile ya dukani ambayo kila mji unasikia kila neno. Alilia hewani. Ndugu yangu, mtu mzima, alilia wakamsikia Wajir na Mandera nzima. Watu wakampongeza kwa "mabruk, mabruk" kutoka kila upande, mpaka mwenye redio akazima kuokoa betri.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Soma kwa bidii.

Istar


Nairobi
11 Januari 1998

Eddo,

Ramadhani karim. Barua yako imenifikia juzi. Niliposoma habari ya baba hewani nilitoka nje nikatembea mpaka nikajikuta sijui niko mtaa gani.

Nimesikia kuna homa inaua mbuzi na watu huko kwetu. Jihadhari na nyama, mwambie Kaha asiguse damu.

Nina swali moja na ninakuomba unijibu. Barua yangu ya Oktoba uliipata?

Abdisamad


Waberi
8 Februari 1998

Mwanangu Abdisamad,

Assalamu alaykum. Idd imepita kimya. Hatukuchinja, nani anathubutu? Homa imemaliza mbuzi wa watu wengi, na mnada wa mifugo umefungwa. Kaha mzima, mimi mzima. Basi la kwanza limetoka jana kwenda Nairobi likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Mzee Olow ameondoka wiki iliyopita kwa lori kurudi Bute. Alinishika kichwa akanibariki, nami nikainamisha kichwa nikabarikiwa.

Niliipata.

Ilikuja na basi la mwisho kabisa kabla ya maji, siku nane kabla ya ile Ijumaa. Niliisoma chooni kwa sababu mzee alikuwa amekaa barazani. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya lile diraa lako, nikatoka nikapika chai.

Nataka nikwambie kwamba niliogopa kumwumiza mgonjwa. Nimejaribu kujiambia hivyo, nimeshindwa. Ukweli ni kwamba nililitaka lile jina liondoke. Nimelibeba tangu nikiwa na miaka saba, Abdisamad. Wasichana wenzangu walikuwa wakiniimbia kisimani. Waliponiposa watu wa maana, mtu mmoja alitaja jina lile, wakaomba ruhusa wakaenda zao, na baba yake Kaha alinioa kwa sababu alikuwa mgeni hajui. Nikaona mlango umefunguka hata kama ni kwa ufunguo wa wizi. Na jibu lenyewe nilikuwa nalo tangu Julai, nililijua kwa ukimya wako, nikasema sitakuuliza. Nilijifanya ni heshima. Nilikuwa naogopa utajibu.

Wewe ulihesabu vibaya, basi. Mimi nilisimama mbele ya mtu aliyemzika mama yake kwa neno la baba yangu, nikampa neno lingine la uongo, na yeye ana kitambaa jichoni. Miezi mitatu amekula kwangu. Kila asubuhi aliuliza, "Kijana ameandika?" nami nikajibu, "Barabara mbovu, mzee."

Darasani nikishika chaki nahisi wasichana wote wanajua. Hawajui kitu. Sijui niombe radhi kwako au niombe radhi kwa nani. Ukiona vema tunyamaze, tutanyamaza. Olow ni mzee, na baba yako amefurahi. Wazee wa Elwak wamemtuma sahan, unajua? Akaangalie upande gani hauna homa. Mara ya kwanza mtu wa kwetu tangu babu.

Nangoja jibu lako.

Istar


Bute
14 Aprili 1998

Eddo yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Idd yenu ilikuwaje? Baba anakusalimu kutoka Elwak. Hapa Bute nyasi zimefika kiunoni baada ya mvua zile, na mifugo ya kuzila ni michache. Kwanza nisamehe: nilipita Garissa, basi lilisimama pale kituoni, niliona watu wa Waberi ninaowajua, nikavuta kofia. Nilijua nikibisha hodi kwako utanipikia, nitakula, na nitakubali tunyamaze.

Nilianza Elwak. Nilimweleza baba tukiwa wawili, nyuma ya duka. Alikuwa ametoka sahan. Alikwenda mpaka kisima cha mwisho, akarudi amechubuka miguu, na alichowaambia watu kilikuwa kweli. Alivua ile kofia mpya, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena, akaenda msikitini. Kesho yake alinitafutia nafasi kwenye lori la Bute na akamwambia dereva, "Huyu usimshushe njiani." Sikujua kama nicheke.

Mzee Olow alikuwa amekaa mbele ya nyumba na miwani mipya. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Una pua ya Warfa." Wakaniletea maziwa. Nikasema, "Mzee, nitoe habari kwanza." Akakiweka kibuyu chini, kwa sababu mtu anayekataa maziwa ana habari mbaya, hilo analijua kuliko mimi.

Nikaitoa yote. Namba, wastani, elfu kumi, ukurasa wa saba. Mkwewe alikuwa anapepeta mahindi, akaacha. Nilimweleza kwamba ile nne iko kule mbele daima na hakuna mtu wala mashine itakayoifikia kwa kuhesabu, na kwamba mimi niliishia karibu sana nikasema nimefika. Alinikatiza mara moja tu. Akauliza, "Kama hakuna anayefika, mmejuaje kwamba ipo?" Nikachora mchangani kwa kijiti, ile njia ya integrali ya yule mama, kadiri nilivyoweza. Sidhani alielewa. Aliangalia mkono wangu mpaka nilipomaliza.

Akasema, "Babu yako hakuja. Watu walijua kwa mizoga. Nilimngoja aje aseme mwenyewe, mwaka wa kwanza, wa pili, akafa bila kuja. Jina nililitoa kwa hilo, si kwa majani."

Nikakiweka kijiti chini.

Akasema, "Lakini nililiondoa kwa habari ya uongo. Habari imekufa. Jina linarudi."

Nikasema, "Linarudi, mzee." Eddo, machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukubali ni haki.

Halafu akaniuliza nililokuwa naliogopa safari nzima. "Shangazi yako alijua lini?"

Nilimwangalia yale macho mawili, moja jipya na moja bado la kijivu. Nikasema, "Mzee, mimi nimeleta habari zangu. Zake atazileta mwenyewe." Alitikisa kichwa polepole, akachukua kibuyu, akanipa maziwa, nikanywa. Hakuuliza tena. Ila jioni mkwewe alipotaka kuingiza ndani kile kitanda cha kamba cha wageni, alimwambia akiache nje, kuna mtu mwingine anakuja kutoka Garissa.

Chuoni nimeanza upya. Kazi yangu sasa inaitwa kwa kifupi "nne haipungui," na nimeithibitisha mpaka masalio ya mwisho, kwa uzani wowote wa aina ile. Haimshangazi mtu, na hakuna atakayepiga kigelegele. Nitakuletea kurasa zake uziandike ubaoni ukitaka.

Barabara imefunguka, Eddo. Dereva anasema lori la Wajir linaondoka Garissa kila Jumatatu asubuhi, na akina mama huwekwa mbele. Vaa lile diraa.

Mwanao akupendaye,
Abdisamad Ishia-Njiani